Fundo la Nne

Katika nyumba ya kulelea wazee alikofanya kazi Libère Nibigira, pale Rooty Hill, palikuwa na kanuni iliyobandikwa ukutani karibu na sinki la kunawia mikono: mlezi hapokei kitu cha mzee anayemlea. Iwe soksi, iwe biskuti, iwe saa ya mkononi, hata kama mzee anasema chukua tu, sina wa kumwachia. Libère aliishika kanuni hiyo miaka tisa. Siku moja bibi mmoja alimtumbukizia peremende mfukoni bila yeye kujua. Aliigundua akiwa ameshashuka stesheni ya Doonside, zamu imekwisha, akavuka upande wa pili wa reli, akapanda treni ya kurudi, akairudisha. Wenzake walimcheka wiki nzima. Yeye aliwajibu kwamba mzee aliyelala kitandani, ambaye wewe ndiye unayemlisha na kumwogesha, hana uhuru wa kukunyima, kwa hiyo hana uhuru wa kukupa pia. Na asiyelielewa hilo akatafute kazi ya kupanga maboksi.

Mwezi wa nane mwaka 2021 aliivunja, mchana kweupe, akijua anachokifanya.

Libère alikuwa mtu wa Ruyigi, mashariki ya Burundi, mwenye umri wa miaka hamsini na moja. Aliikimbia nchi wakati wa vita, akakaa kambini Tanzania miaka kumi na minne, kisha akaletwa Sydney pamoja na mkewe Anésie na binti yao Lyse, aliyezaliwa kambini. Anésie alikulia Bwiza, mjini Bujumbura, na Kiswahili chake ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba. Lyse alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Alikielewa Kiswahili chote, ila majibu yake yalitoka kwa Kiingereza. Walikaa Doonside, katika nyumba ya kupanga yenye banda la gari lisilo na gari.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba baba yake Libère alifariki huko Ruyigi. Mji wa Sydney ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na mipaka ya nchi pia, kwa wanaotoka na wanaoingia. Libère alimzika baba yake kwa simu, amesimama jikoni, amevaa koti na tai, maana aliona si adabu kumzika mtu ukiwa na sweta ya kulalia. Siku ya pili alinyoa kichwa akaenda kazini.

Wiki moja baadaye baba yake mdogo, Égide, mkubwa wa ukoo, alipiga simu.

"Libère."

"Naam, baba mdogo."

"Matanga tutayamaliza Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Unajua kinachotakiwa."

"Najua."

"Upinde wa marehemu uliungua pamoja na nyumba, mwaka ule wa vita. Kwa hiyo utakuwa wa mkono wako."

"Utakuwa wa mkono wangu."

"Wa dukani ni fimbo yenye kamba. Usinioneshe."

Ukoo wao ulikuwa na desturi yake. Baba akifa, matanga huisha siku mrithi anaposimama mlangoni mbele ya ndugu, akatia ugwe kwenye upinde, akauvuta mara moja bila mshale, kisha akaurudisha polepole. Kama upinde wa marehemu upo, mrithi hushika huo. Kama umepotea, huchonga mwingine mwenyewe, na mkono wa mtu mwingine hauugusi mpaka siku hiyo ipite. Akishauvuta, neno lake ndilo la mwisho katika mambo ya nyumba. Akishindwa, anasimama anayemfuata.

Anayemfuata alikuwa Ildephonse, mtoto wa mke wa pili wa baba yao, mtu wa maneno mengi aliyebaki nyumbani. Ildephonse alikuwa ameshasema wazi kwamba siku atakayoishika nyumba ataliuza shamba la chini, lile la karibu na kijito. Katika shamba hilo ndimo alimozikwa mama yake Libère. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia Libère zaidi ya hapo.

Siku hiyohiyo Ildephonse aliidaka simu kutoka mkononi mwa mzee. "Kaka, huko kwenu si mnachonga mikate tu, tena kwa mashine? Usijichoshe. Mlango huu nitausimamia mimi."

"Subiri mwezi wa kumi," Libère alisema.

"Nasubiri. Sina haraka kama marehemu."

Libère alikata simu, akaenda uani kutazama miti.

Miti ya Doonside aliyoijua ilikuwa mikaratusi, na mikaratusi hakuwa na imani nayo. Hata hivyo alimwomba jirani yake Bisimwa, Mkongomani wa Bukavu aliyefanya kazi ghalani, ampe tawi moja lililokuwa likining'inia juu ya uzio. Alilichonga siku nne. Alipolikunja mara ya kwanza lilipasuka kwa urefu kama muwa. Alijaribu la pili, nalo likafanya vilevile. Mwezi wa saba ukaisha.

Katika chumba cha kumi na mbili cha nyumba ya wazee alikaa mtu aliyeitwa Rufus, mwenye miaka themanini na minane. Maisha yake yote alifundisha useremala shuleni. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili uliobaki, na alimwita Libère kijana. Wageni walikuwa wamekatazwa kabisa wakati huo, hata watoto wa wazee, kwa hiyo mtu aliyeongea naye kutwa alikuwa Libère. Asubuhi moja, Libère akimnyoa ndevu, Rufus aliuliza:

"Nani amekufa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Umenyoa kichwa, na unaninyoa mimi kama unaogopa nitavunjika. Nani?"

Libère akamwambia. Alimwambia yote, na desturi, na upinde, na matawi mawili ya Bisimwa. Rufus alisikiliza huku povu likimkaukia shavuni. Kisha akasema, "Sogeza kabati."

Nyuma ya kabati, yakiwa yamesimama wima na kufungwa kwa kamba ya viatu, palikuwa na magongo mawili marefu kuliko mtu, yamepakwa rangi kwenye ncha ili yasipasuke. Yalikuwa nusu mbili za gogo moja lililopasuliwa katikati. Ulikuwa mti wa yew, mti wa Ulaya wenye majani meusi-meusi na yenye sumu, ambao Wazungu wa zamani waliupanda kwenye bustani zao kule milimani magharibi ya mji. Mwenye bustani moja aliukata ili ajenge banda la gari, na Rufus akaomba shina. Kwa miaka arobaini alikuwa akichonga pinde ndefu za mti huo, kazi ya mkono mtupu.

"Nilisubiri miaka kumi na minne likauke," alisema Rufus. "Likakauka, mimi nikalainika. Lina mafundo mengi, hasa hili la pili. Mtu mwenye akili angelichoma. Chukua."

"Siwezi. Unaijua kanuni."

"Basi nitawaambia waliweke kwenye pipa la taka, wewe utaliokota."

"Huko ni kupokea kwa kuzunguka nyumba."

"Kijana, una kichwa kigumu."

"Nashukuru. Inua kidevu."

Wiki nzima Libère alilifikiria jambo hilo. Wapo ambao wangeifuata njia ya pipa na kulala usingizi mzuri. Dunia imejaa watu wa namna hiyo, na wengi wao huitwa waungwana. Yeye alikuwa ameshaona kwamba njia safi haipo. Akikataa, mama yake atalimwa. Akikubali, ataivunja kanuni aliyoipenda. Aliamua kwamba, kama ni kuvunja, atavunja mbele ya watu, wala hatamwachia mwingine kazi ya kumgundua. Jumatatu ya pili ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, aliyabeba magongo yote mawili begani kutoka chumba cha kumi na mbili, akayapitisha koridoni mbele ya wazee na wauguzi, mpaka ofisini kwa msimamizi wa zamu.

Msimamizi alikuwa Owuor, Mkenya wa Kisumu. Alikisogeza kikombe chake cha chai ili kisigongwe.

"Mzee wangu, hii ni nini sasa? Umeamua kujenga?"

"Ni mali ya Rufus wa kumi na mbili. Amenipa, nimepokea. Naomba uandike."

Owuor alitazama mlango, akashusha sauti. "Si ungenyamaza tu. Hii kitu imekaa nyuma ya kabati miaka tatu, hakuna mtu ameiulizia. Ungebeba jioni, ukaenda zako."

"Ningebeba kwa kujificha, ungekuwa wizi. Nimebeba mchana, ni kosa. Andika kosa."

"Na kama unajua ni kosa, rudisha."

"Sirudishi."

"Kwa hivyo unataka kula na unataka kutubu, zote asubuhi moja."

"Kwa utaratibu huohuo, ndiyo."

Owuor alivuta karatasi, akitikisa kichwa. "Wewe utaniua. Haya, taja tarehe."

Hapa pasifichwe kitu. Kanuni ile ilikuwa nzuri, na Libère hakuwahi kusema ni mbaya, wakati huo wala baadaye. Hakusema kwamba kesi yake ni tofauti. Aliyesema hivyo alikuwa mtoto wa Rufus, alipopigiwa simu na wakubwa wa nyumba: mti ni wa baba yangu, akili anazo, ampe amtakaye. Ndipo magongo yakabaki kwa Libère. Lakini barua ya onyo ikaingia kwenye faili lililokuwa halina doa kwa miaka tisa, na Libère akahamishiwa upande wa pili wa jengo, asimhudumie tena Rufus. Katika miezi ile ya korona pande mbili za jengo zilikuwa kama nchi mbili. Mlango wa katikati ulifungwa, kila upande una watu wake na chumba chake cha chai, na mlezi wa huku havuki kwenda kule. Libère aliisoma barua, akaitia sahihi, akaomba nakala.

Alianza kazi Jumamosi, ndani ya banda la gari. Alikuwa na shoka dogo, tupa mbili, jiriwa iliyofungwa kwenye benchi, na kisu cha mishikio miwili ambacho mtu hukivuta kuelekea kifuani. Kabla ya kutenganishwa, Rufus alimwachia fundisho moja. Mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama mbele mtu anapovuta, ufuate pete moja ya mwaka wa mti, kutoka ncha hadi ncha. Pete ikipanda, kisu kipande, ikishuka, kishuke. Ukiikata mahali pamoja tu, upinde utavunjikia hapohapo.

Mengine Libère alidhani anayajua. Alipokuwa na miaka kumi na minne alichonga upinde mbele ya baba yake, na kule kwao fundisho la kwanza ni kuondoa nyama nyeupe ya nje, kwa sababu nyeupe huliwa na bungua, na kubaki na kiini. Gongo la yew lilikuwa na nyeupe nene ya unene wa kidole, safi kama samli, na chini yake kiini chekundu-chungwa. Kwa Jumamosi mbili Libère aliikwangua nyeupe yote. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Alifuata pete moja ya kiini kutoka ncha hadi ncha bila kuikata, akafagia takataka, akazitia kwenye pipa, akamwita mkewe.

"Umependeza," alisema Anésie. "Kama meza ya kanisa."

"Usiuguse."

"Nimeshika wapi? Mikono yangu hii hapa, ina unga."

Jumapili, baada ya ibada ya kwenye simu, aliufungia kamba ya majaribio akaukunja kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Ulikatika kwenye fundo la kwanza. Kipande kimoja kiliruka kikagonga pipa la taka kwa mlio uliomfanya Bisimwa achungulie juu ya uzio.

"Grand, ni risasi ile?" Ndivyo alivyomwita, kwa Kifaransa, kama kumwita kaka mkubwa.

"Ni upinde."

"Aa. Mi nilifikiri upinde inalia wakati inapiga mutu, kumbe inalia mbele ya kupiga."

Kesho yake, kwenye foleni ya kupimwa korona nje ya jengo, Owuor, aliyebaki upande wa Rufus, alimsogelea kwa umbali ulioruhusiwa. "Mzee wako anauliza kitu. Ile nyeupe umeacha?"

Libère alisogea hatua moja kwenye foleni.

"Anasema nyeupe ndiyo inavutika, nyekundu ndiyo inakubali kubanwa. Anasema bila nyeupe mti yenye mafundo haiwezi. Alikuwa anafikiri kila mtu anajua."

"Mwambie kwetu nyeupe hutupwa."

Siku iliyofuata Owuor alirudi na jibu. "Anasema basi kwenu muko na mti ingine. Anasema pia alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mashine. Na anauliza, imebaki gani?"

"Imebaki ya mafundo."

"Hiyo anajua. Anasema ukifika kwa fundo usilisawazishe. Liache likae juu kama kilima, wewe zunguka."

Gongo la pili lilikuwa na mafundo saba. Matatu yalikuwa madogo kama punje za mahindi. Mengine yalikuwa ya kumtia mtu wasiwasi, na la nne ndilo baya kuliko yote: pana kama kiganja cha mtoto, shubiri moja juu ya mahali pa kushikia, na katikati yake palikuwa na kovu jeusi lililooza ambalo ncha ya msumari iliweza kuingia. Pete za mti zililizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Hapakuwa na mti mwingine, wala mahali pa kuupata. Mtu wa Doonside hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani kwake, na milima ile ilikuwa mbali zaidi ya hapo. Zilibaki wiki sita.

Libère aliliweka shoka kando. Safari hii alitumia tupa peke yake, na penye fundo alitumia kipande cha kioo kilichovunjika, akikwangua unga, si vipande. Nyeupe aliiacha. Aliondoa ganda, akashuka pete mbili tu, akasimama juu ya ya tatu kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Kila fundo alilizunguka akaliacha na nyama ya ziada pande zote, mpaka upinde ukaanza kuonekana una uvimbe na mabonde, haufanani na kitu chochote cha dukani. Kabla ya zamu alifanya kazi nusu saa. Siku za mapumziko, kuanzia baada ya chai mpaka taarifa ya saa tano iliyotaja idadi ya wagonjwa, kisha tena mpaka jua linapoondoka bandani. Hakuwa na haraka. Mtu aliyemtazama wiki zile angesema ameshaushinda mti ule, na unasubiri tu kuambiwa.

Bisimwa alikuja kwenye uzio na mashine ya msasa mkononi, waya ukining'inia. "Grand, mi nakuona tangu mwezi unakuna-kuna. Hii, dakika tano, iko laini kama kichwa yako."

"Dakika tano za mashine yako zitakata miaka thelathini ya mti."

"Basi niishike tu, nikupumuzishe mukono."

"Mkono wako ukiugusa, si wangu tena."

"Kumbe ni bibi arusi," Bisimwa alisema, akairudisha mashine ndani. Tangu siku hiyo kila alipopita aliuliza hali ya bibi arusi.

Katikati ya mwezi wa tisa ulifika wakati wa kuufundisha upinde kukunjika. Libère aliuweka juu ya ubao uliopigiliwa ukutani, akafunga kamba iliyopita kwenye gurudumu la chini, ili aweze kuvuta akiwa amesimama mbali na kuona jinsi mikono miwili ya upinde inavyojikunja. Lakini mtu anayevuta hawezi kutazama vizuri. Lyse aliletwa bandani na kitabu chake cha hesabu, akaketi juu ya ndoo.

"Wa kulia umelala," alisema kwa Kiingereza. "Wa kushoto ni kama ubao. Huo wenye uvimbe."

"Wapi hasa?"

"Chini ya fundo kubwa. Hapo haukunjiki kabisa. Ninaweza kukuonesha kwa kidole?"

"Kwa kidole kilicho mbali."

Akauonesha kwa penseli, kutoka kwenye ndoo. Libère akakwangua mara ishirini, akavuta mara thelathini, akauliza tena. Hivyo kila jioni, unga kwa unga, mkunjo ukiongezeka upana wa kidole. Usiku wa mafundo ulikuwa umepita, Anésie alisema, sasa ni mchana. Na kweli, siku moja mwishoni mwa mwezi Lyse alifunga kitabu chake akasema, kwa Kiswahili, "Baba, iko sawa. Pande zote mbili." Libère alivuta kamba mpaka kipimo cha kifuani mwake, inchi ishirini na sita kwa rula, akahesabu mpaka tatu, akarudisha. Hakuvuta zaidi hata kidogo, siku hiyo wala nyingine yoyote. Upinde hujua tu pale ulipofundishwa kufika.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, saa kumi na moja jioni Doonside, saa mbili asubuhi Ruyigi, Libère alisimama mlangoni mwa nyumba ya kupanga, amevaa koti lilelile alilozikia. Zilibaki siku mbili mji ufunguliwe, na wageni walikuwa bado hawaruhusiwi. Lyse alishika simu. Anésie alisimama kando amejitanda kitenge. Bisimwa alikuwa upande wake wa uzio, amevaa tai. Ndani ya simu walionekana watu thelathini uani, mzee Égide kwenye kiti, na Ildephonse nyuma yake amekunja mikono.

"Huo ndio upinde?" Ildephonse alisema. "Mbona una majipu?"

"Nyamaza," alisema Égide. "Libère, ni mkono wa nani?"

"Wangu."

"Kuna mwingine aliyeugusa?"

"Mti nilipewa na mzee wa Kizungu aliyeukausha. Tangu nilipoanza kuchonga, hakuna."

"Tia ugwe."

Libère aliipitisha ncha ya chini nyuma ya kifundo cha mguu, akauegemeza paja, akaukunja. Fundo la nne lililia. Ulikuwa mlio mfupi, mkavu, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti, na kila mtu aliusikia, wa Doonside na wa Ruyigi. Anésie alishika ukingo wa kitenge. Libère hakulegeza. Alijua nyama aliyoiacha pale, pande zote nne, na alijua kwamba kovu lililooza katikati ndilo lililojipanga upya, si mti. Akamalizia kusukuma, akaingiza kitanzi cha ugwe kwenye tojo, ule mkato wa nchani, akaondoa mkono. Upinde ukasimama umekunjika.

"Vuta."

Akavuta. Ugwe ukaja mpaka kifuani, ukasimama.

"Vuta mpaka sikioni," alisema Ildephonse. "Mwanaume huvuta mpaka sikioni. Hapo ni kama unakumbatia."

Libère, mikono ikiwa imejaa, alijibu bila kugeuza kichwa. "Upinde huu unavutwa mpaka kifuani. Anayetaka wa sikioni achonge wake."

Akaurudisha polepole, mpaka ugwe ukatulia.

Mzee Égide akasema, "Kaka yangu naye alivuta mpaka kifuani. Kila mara tulimcheka, na upinde wake haukuvunjika mpaka ulipochomwa moto." Akageuka kwa watu. "Matanga yamekwisha. Mwenye nyumba aseme neno."

"Shamba la chini haliuzwi," alisema Libère. "Mwaka huu wala mwaka mwingine. Ildephonse atalilima, na mavuno ni yake, na kaburi atalipalilia yeye mwenyewe kwa mkono wake. Nimemaliza."

"Nimesikia," alisema Ildephonse kwa sauti ya chini. Ikabidi mzee amwambie aseme tena kwa sauti, akasema tena.

Anésie alikuwa wa kwanza kuugusa upinde. Wa pili alikuwa Bisimwa, aliyenyoosha mkono juu ya uzio na kuomba kumsalimia bibi arusi.

Jumatatu mji ulifunguliwa, lakini mlango wa katikati wa nyumba ya wazee haukufunguliwa. Libère alimpa Owuor picha kwenye simu, ampelekee Rufus, ambaye siku hizo alikuwa hatoki tena kitandani. Jioni Owuor alimngoja nje.

"Ameona."

"Amesema nini?"

"Kwanza alikuwa anakuza picha na vidole, anatafuta kitu. Akafika kwa ile fundo kubwa, akasimama hapo sana. Halafu akasema, 'Hakulisawazisha.' Akanirudishia simu."

"Basi?"

"Basi. Lakini alisema vizuri, mzee wangu. Vile mtu anasema amina."

Upinde ule unaning'inia sasa sebuleni Doonside, bila ugwe, mafundo yake saba yakitazama chumba. Shamba la chini halijauzwa, na kaburi lililomo ndani yake hupaliliwa kila msimu. Libère bado ni mlezi wa wazee, na bado hapokei hata peremende.

Rufus alifariki Alhamisi ya wiki ile mji ulipofunguliwa, saa nne na robo asubuhi. Libère alikuwa zamu, upande wa pili wa mlango, hatua arobaini kutoka chumba cha kumi na mbili, akimlisha uji mzee mwingine, na aliyemshika Rufus mkono alikuwa muuguzi wa muda aliyekuwa na siku mbili tu pale na hakujua jina lake.